HAKI YA MTOTO HAISUBIRI MSAFARA

KUNA kijana mmoja, fundi wa kuchomelea pale Maili Moja, Kibaha, ambaye kwa muda wa miezi minane alimtafuta mwanawe kama mtu anayetafuta kazi. Asubuhi ofisi hii, mchana ofisi ile, jioni anarudi kijiweni na jibu lile lile: njoo kesho. Jina lake hatulitaji. Mtoto bado ni mdogo na maneno ya gazeti hayafutiki.

Kisa chenyewe si kigeni kwa msomaji wetu. Kijana huyu alikaa na mwenzake chumba kimoja cha kupanga huko Kwa Mathias kwa miaka miwili na nusu. Mahari haikutolewa, cheti cha ndoa hakuna, lakini majirani waliwaita baba fulani na mama fulani. Wakapata mtoto wa kike, ambaye sasa ana miaka minne. Maisha yakabana, maneno yakazidi, mama akafunga mizigo yake akarudi kwao Kisarawe, njia ya Maneromango, na mtoto wake. Baadaye mama akapata kibarua Gongo la Mboto, mtoto akabaki na bibi. Baba alituma fedha miezi ya mwanzo, kisha akaacha kwa hasira. Siku alipokwenda kumwona mwanawe, wajomba walimwambia hana mtoto pale.

Hapo ndipo danadana ilipoanza. Kituo kimoja cha polisi kilimwambia hiyo si jinai. Ofisi moja ya mtaa ikamwandikia barua ya kwenda ofisi nyingine. Ofisi hiyo ikamtaka alete hati ya baraza la usuluhishi la ndoa, wakati ndoa yenyewe hakuna anayeijua. Mwisho akaangukia mikononi mwa bwana mmoja mwenye tai na mkoba, anayezunguka karibu na mahakama akijiita wakili. Bwana huyo alichukua shilingi laki mbili na nusu, akampa karatasi yenye mhuri, akamwambia akae akisubiri samansi. Samansi haikuja kwa sababu hakuna shauri lililofunguliwa. Alikuwa kishoka.

Kijiweni nako kila mtu alikuwa hakimu. Mmoja alisema subiri atimize miaka saba, atakuwa wako moja kwa moja. Mwingine akasema mtoto ni wa baba siku zote, hata mbinguni iko hivyo. Wa tatu akatoa wazo ambalo wengi walilipigia makofi: panda pikipiki, pita njia ya Kiluvya, ukamchukue mtoto juu kwa juu kabla bibi hajarudi kutoka shamba.

Mwandishi wa maoni haya anaijua habari hiyo vizuri, kwa sababu ndiye aliyeombwa akae nyuma ya pikipiki kumshika mtoto. Alikubali. Mafuta yalikwishatiwa. Aliyetuzuia ni mama mmoja anayeuza chakula pale kijiweni, ambaye alituuliza swali moja tu: "Wanangu, huyo mtoto akianza kulia njiani, mtamwambia mnampeleka wapi?" Kisha akatuelekeza kwa msaidizi wa kisheria, mama wa makamo ambaye kazi hiyo anaifanya bila mshahara.

Tunasimulia haya kwa sababu tumechoka kusikia kwamba Watanzania hawapendi kufuata sheria. Mtu ataifuata vipi sheria asiyoonyeshwa mlango wake?

Yule mama alimsikiliza kijana kwa muda usiozidi nusu saa, wala hakuomba hata nauli. Alimuuliza, "Mwanangu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina lako?" Kijana akasema kinalo. "Fedha ulizotuma, unao ushahidi?" Akasema ujumbe wa simu upo. "Ukienda kuchomelea mageti kutwa, nani atamlisha na kumwogesha?" Kijana akanyamaza. "Na wewe unataka umchukue akae kwako, au unataka usizuiwe kumwona?" Hapo kijana akainamisha kichwa. Miezi minane, laki mbili na nusu, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Sasa tuseme sheria inasemaje, kwa sababu gazeti linalolalamika bila kueleza halina tofauti na kijiwe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema kwamba mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto. Siyo mahari wala hasira za wajomba. Mahakama itaangalia pia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kuweza kujieleza, na mila za jamii wanayotoka. Sheria hiyo inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na hakuna mahali popote paliposemwa kwamba siku mtoto anapotimiza miaka saba anahamia kwa baba kama mzigo uliofika stendi. Uongo huo umewaponza akina baba wengi wanaokaa wakisubiri. Umewatia hofu akina mama wengi pia. Mama wa mtoto tunayemzungumzia alikuwa amemficha binti yake kwa sababu aliambiwa kwamba akifika miaka saba atanyang'anywa. Uongo mmoja ulikuwa umewagombanisha watu wawili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaendeleza hayo kwa watoto wote, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa. Mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba mahakamani akae naye. Yupo pia anayeweza kuomba jambo dogo zaidi, kumwona mtoto kwa vipindi. Mahakama inatakiwa kuzingatia umri wa mtoto, umuhimu wa kuwa na mama yake, maoni ya mtoto yakitolewa kwa hiari yake, kutotenganisha ndugu, na kutomhamisha hamisha mtoto kutoka malezi aliyokwisha kuyazoea. Sheria hiyo hiyo inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye. Kwa hiyo wale waliopigia makofi wazo la pikipiki wajue walikuwa wanampeleka mwenzao pabaya. Baba aliyempora mtoto atasimama mbele ya hakimu kueleza kwa nini aaminiwe kulea, na jibu lake litakuwa gumu.

Kuhusu ubaba, sheria inataja njia za kuuthibitisha: jina katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kumkiri mtoto hadharani, matokeo ya kipimo cha vinasaba, na hata mzazi kukataa kupimwa kunaweza kuhesabiwa dhidi yake. Kijana anayemkana mtoto kijiweni leo asishangae kesho akiombwa ushahidi kwamba ni wake.

Na matunzo? Sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, tuliyoirithi kwa mkoloni, ilimtaka baba alipe shilingi zisizozidi 100 kwa mwezi. Ndiyo, shilingi mia, na ilidumu katika vitabu vyetu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa mahakama inaangalia kipato cha wazazi, watu wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali anapoishi mtoto. Kijana wetu alidhani kwamba kuacha kutuma fedha ni silaha. Ilikuwa silaha kweli, ila aliyeumia ni yule wa miaka minne.

Msomaji ataona kwamba sheria yenyewe si mbaya. Ugumu unakuja pale mtu wa kawaida anapotakiwa kuitumia peke yake. Hebu tazama kesi hii ndogo ilivyo na mafundo. Waliishi pamoja zaidi ya miaka miwili na watu wakawaona ni mume na mke, kwa hiyo kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweza kuleta dhana ya ndoa. Je, aende kwa Sheria ya Ndoa au Sheria ya Mtoto? Afungue Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au Mahakama ya Watoto? Hati ya baraza la usuluhishi inadaiwa kwa anayeomba talaka. Yeye anayeomba kumwona mtoto tu, kwa nini azungushwe nayo? Baba yuko Kibaha na mtoto yuko Kisarawe. Ni wilaya za mkoa mmoja wa Pwani, lakini anayetegemea daladala hupitia Dar es Salaam: ashuke Mbezi, atafute gari la Gongo la Mboto, apande Pugu mpaka Kisarawe, kisha aianze safari ya Maneromango. Ukiambiwa njoo kesho mara tano, kibarua kimekwisha.

Zipo na mila. Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa sehemu hizi, kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lile linalosema mtoto ni wa baba, liliandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kijana wetu ni mtu wa kuja, kwao mtoto ni wa baba. Wajomba wa Kisarawe nao wanasema mtoto ni wa kwao. Kila upande una mila yake na kila upande unaamini unaonewa. Wengine hukimbilia kwa shehe, na shehe mwenye busara anaweza kuwapatanisha watu. Lakini huku Bara, tofauti na Zanzibar yenye Mahakama za Kadhi, neno la shehe peke yake halina nguvu ya amri ya mahakama. Anayehitaji amri lazima afike kwa hakimu.

Je, serikali imefanya nini kumsaidia mtu huyu? Tusiwe wachoyo wa ukweli. Mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ikaweka msajili na wasajili wasaidizi mikoani na katika halmashauri, na ikakataza msaidizi wa kisheria kumtoza fedha anayesaidiwa. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama. Mwaka 2023 ikazinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na wapo waliopata nafuu kwa njia hiyo. Kila mwaka, kati ya Januari na Februari, inakuja Wiki ya Sheria, mahema yanasimamishwa na mahakimu wanatoa elimu bure.

Tunashukuru. Lakini swali letu ni hili: mahema yakishakunjwa, nani anabaki?

Msafara unakuja na magari, fulana na picha ya kiongozi. Unakaa siku chache, unaandika majina, unaondoka. Mtoto wa Maneromango hagombaniwi kwa ratiba ya msafara. Anagombaniwa Jumatano usiku, wakati hakuna hema wala kipaza sauti. Anayebaki naye ni yule mama msaidizi wa kisheria, anayetumia simu yake na nauli yake, na ambaye sheria inamkataza kumtoza mwananchi hata senti. Ni sahihi akatazwe. Lakini sheria iliyomkataza kutoza haikumwekea mshahara. Anaishi kwa wafadhili, na wafadhili wakiondoka naye anaondoka.

Tena kuna jambo ambalo wakubwa hawalisemi sana. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo. Tajiri na maskini walisimama pale kila mmoja na mdomo wake. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, sasa wakili anaweza kusimama katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Hatupingi mtu kuwa na wakili. Tunauliza tu: mwenye fedha amefunguliwa mlango, maskini amefunguliwa nini? Mzazi mmoja akija na wakili, na mwenzake akija na bahasha ya vyeti na machozi, hapo hakimu atasikia sauti ngapi?

Katiba yetu, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Maneno hayo hayajasema isipokuwa wakazi wa Maneromango. Wala hayakusema mpaka msafara upite.

Kwa hiyo gazeti hili linasema wazi, na tunawaomba madiwani na wabunge wa Kibaha na Kisarawe walisikie.

Kwanza, halmashauri ziwalipe posho wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, angalau wawili kila kata, kutoka katika mapato yao ya ndani. Mtatuambia fedha hakuna. Lakini halmashauri hizo hizo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kama mkopo wa kununua pikipiki unatengewa fungu, basi fungu la kumzuia kijana asiitumie pikipiki hiyo kumpora mtoto halishindikani.

Pili, maafisa ustawi wa jamii wafike katani. Ndio wanaotazamiwa kuieleza mahakama mtoto anaishi vipi, analala wapi na analishwa na nani. Afisa anayekaa makao makuu ya wilaya bila usafiri ataandika nini kuhusu nyumba ambayo hajaiona?

Tatu, kila ofisi ya mtaa na kijiji ibandike ukutani, kwa Kiswahili cha kueleweka, mambo machache tu: shauri la mtoto linafunguliwa wapi, msaidizi wa kisheria wa kata ni nani, na kwamba asiye na uwezo anaweza kuomba afungue shauri bila kulipa ada. Karatasi moja ukutani ingeokoa laki mbili na nusu za fundi wetu.

Nne, vishoka waondolewe milangoni mwa mahakama. Wanajulikana, wanakunywa chai na watu wanaojulikana. Anayewaacha wajinafasi atueleze anapata nini.

Nanyi vijana wenzetu wa vijiweni, msidhani tumemaliza na wakubwa tu. Wengi wenu mnasema sheria ya mtoto ni ya wanawake. Si kweli. Vituo kama Chama cha Wanasheria Wanawake na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake vilianzishwa kwa sababu dada zetu walikuwa wakitoka mikono mitupu. Hilo lisikuumize. Wewe nawe unayo milango: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995, Chama cha Mawakili wa Tanganyika, Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wasaidizi wa kisheria walioko wilayani kwako. Nenda mapema, kabla hujamlipa mtu, kabla hujatukana mtu. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tunza ujumbe wa kila fedha unayotuma. Usiache kutuma kwa sababu umenyimwa kumwona, maana tumbo la mtoto halihusiki na ugomvi wenu. Na jiulize lile swali la yule mama: unataka nini hasa?

Fundi wetu alijibu swali hilo. Alikubali kwamba kwa sasa hawezi kumlea mtoto wa miaka minne katika chumba chenye mashine ya kuchomelea na mitungi ya gesi. Alichotaka ni kumwona. Msaidizi wa kisheria aliwaita wazazi wote wawili mbele ya afisa ustawi wa jamii, na bibi akaja, na mjomba mmoja akaja. Mama wa mtoto alipoambiwa kwamba miaka saba si tarehe ya kunyang'anywa, alilia, akasema hakuwahi kuelezwa. Waliandikiana: mtoto anakaa upande wa mama, baba anatuma matunzo kila mwezi, na Jumapili mbili kila mwezi baba anakwenda Maneromango. Kama mmoja ataenda kinyume, mwenzake anajua sasa mlango wa mahakama uko wapi na aingie na nini mkononi.

Jumapili ya kwanza mwandishi wa maoni haya alikwenda naye. Tulipanda gari tatu. Mtoto alijificha nyuma ya bibi yake kwa muda mrefu, akichungulia. Hakumtambua baba mara moja. Miezi minane kwa mtoto wa miaka minne ni mingi.

Miezi hiyo hakuna mahakama itakayoirudisha. Ilipotezwa katika foleni na mikononi mwa kishoka, kwa sababu ya maelezo ambayo mama mmoja asiye na mshahara aliyatoa kwa nusu saa. Ni watoto wangapi hivi sasa, kati ya Mlandizi na Maneromango, wanaohesabiwa siku kama hizo? Wakubwa watupe jibu, na jibu hilo lisije na mahema.